Kengele ya Kumi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni, Shizue alisogeza meza ya pili mpaka ukutani, akainua ndoo ya makaa kwa vitambaa viwili, akatandika godoro jembamba katikati ya mkahawa. Wateja waliokuwa kwenye meza hiyo waliinuka na sahani zao bila kuambiwa. Kamata kinyozi, mteja wa kila siku, alishika bakuli la mchuzi kwa mkono mmoja na bia kwa mkono wa pili, akajibanza kando ya jokofu. Mji mzima wa Tono ulijua kwamba anayetaka kula nyama ya kondoo kwa Oikawa bila kubughudhiwa aje mapema, au asubiri saa moja ipite.

Ilipotimia saa kumi na mbili na nusu, kamba za karatasi zilianguka kutoka darini. Zilikuwa za zambarau, kama zile ambazo mashabiki walimtupia Oikawa Genzo kwenye ulingo wa mieleka kwa miaka thelathini, kila jina lake lilipotajwa. Dari ile ilikuwa ya mbao na haikuwa na tundu. Shizue alikwisha panda ngazi mara mbili kuikagua. Genzo, mwenye mkahawa na mume wa Shizue, akavua aproni, akaikunja, akasimama juu ya godoro. Kitu kisichoonekana kikamkamata kiunoni, kikamwinua, kikambwaga mgongo chini, puu. Vijiti vya kulia vikarukaruka ndani ya kopo. Genzo akainuka, akainama kwa heshima mbele ya mtu asiyekuwapo, akasema, "Tena moja, tafadhali."

Miezi ya mwanzo Shizue alikuwa akileta sahani nyingine ya nyama akidhani kuna mteja ameagiza. Sasa alikwisha zoea.

Genzo alibwagwa mara thelathini na moja. Shizue alihesabu kwa sauti ya chini huku akiviringisha zile kamba, kwa kuwa ni mwanamke anayependa kujua idadi ya kila kitu nyumbani mwake, na kamba zenyewe zilimfaa kufungia mafungu ya vitunguu majani. Mara thelathini za kwanza mumewe aliinuka, akainama, akasema maneno yale yale. Mara ya thelathini na moja hakusema kitu. Alilala akitazama dari kwa muda wa kumenya karoti moja, kisha akaamka, akavaa aproni, akauliza nani alikuwa anasubiri wali.

"Leo umeanguka vizuri, Bwana Oikawa," alisema Kamata akirudi mezani. "Ila ile ya kumi na nne ilikuwa na maringo."

"Kula, kinyozi. Nyama ikipoa utasema nimekuuzia kiatu."

Shizue hakucheka. Usiku ule, kama usiku mwingine mwingi, alimpaka mumewe dawa mgongoni na kumuuliza swali lile lile. "Kwa nini thelathini na moja, Baba Yukari? Ilikuwa pambano gani hilo?"

"Sijui."

"Mtu asijue idadi ya kuanguka kwake?"

"Mama Yukari, mkono wako wa baridi," alisema Genzo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Haya yote yalianza siku ya pili baada ya kustaafu, na kila mtu alijua sababu. Mwanamieleka anapostaafu husimama katikati ya ulingo, taa zinapunguzwa, watu wananyamaza, na kengele inapigwa mara kumi. Mwanamieleka akifa hupigiwa hizo hizo kumi, isipokuwa yeye huwakilishwa na picha. Genzo alisimama akiwa na miaka hamsini, shingo imenyooka, machozi tayari. Kengele ikapigwa mara tisa. Wote wakasubiri. Mtangazaji alimtazama mpiga kengele, mpiga kengele alitazama nyundo yake, halafu mtangazaji akaona aibu ya kimya kile akalitaja jina la Genzo kwa mara ya mwisho. Watu elfu moja na mia saba walikuwa wamehesabu, lakini mtu mwenye adabu hahesabu hadharani. Walipiga makofi wakaenda zao kupanda treni.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, vidole vya miguu ya Genzo vilianza kufa ganzi. Alikwenda Morioka kwa daktari wa mifupa, naye akaitundika picha ya mgongo kwenye taa, akaitazama muda mrefu.

"Umesema umestaafu," alisema daktari.

"Mwaka wa pili sasa."

"Mgongo wako haujaarifiwa. Nani anakubwaga?"

"Hakuna mtu."

Daktari akaandika kwenye fomu: hakuna mtu. Alikuwa amekua akitazama mieleka na babu yake kwenye televisheni, kwa hiyo aliuliza swali la pili bila kuinua kichwa. "Kengele ulipigiwa ngapi?"

"Tisa."

"Basi hujastaafu, bwana wangu. Katafute ya kumi. Ukipitisha baridi mbili tatu zaidi namna hii, miguu hiyo haitakusikiliza tena, na hapo mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Genzo aliogopa. Alikuwa amevunjwa mbavu, meno na pua mbele za watu na hakuogopa, lakini alipofikiria Shizue akimwinua kumweka kwenye kiti kila asubuhi, aliona afadhali pua ivunjwe tena. Juma lililofuata alipanda treni kwenda Kitakami kwa Mzee Hirasawa, mpiga kengele.

Mzee Hirasawa aliishi na dada yake na vyungu arubaini vya maua ya krisanthemu. Alimkaribisha Genzo kibarazani, akaendelea kukata majani makavu.

"Nimekuja kwa ajili ya ile kengele," alisema Genzo.

"Nilikuwa nakungoja. Umechelewa miaka miwili."

"Mzee, ulipiga tisa."

"Nilipiga kumi. Mkono huu umepiga kengele miaka arubaini, haukosei. Tisa zilisikika. Ya kumi niliiona ikitoka. Ilipita juu ya vichwa vya watu, ikaenda kaskazini, ikatokea mlango wa choo cha wanawake."

"Imekwenda wapi?"

Mzee Hirasawa aliweka mkasi chini. "Unaniuliza mimi? Siku ile ya yule kijana, zamani, mwenzio nilikuwa jikoni chini ya ukumbi wa mazoezi, namenya figili. Nilisikia kishindo kimoja kimoja juu ya kichwa changu. Thelathini na moja. Nilihesabu kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu."

Genzo alitazama maua. Yalikuwa meupe na makubwa, yametunzwa vizuri.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza mwishoni.

"Kwa sababu wewe hukusema. Ningeanzaje mimi, mtu wa kengele na jikoni?" Mzee akachukua tena mkasi. "Mama wa yule kijana yuko hai. Yuko Ninohe, anauza biskuti za ufuta. Mchukulie keki nzuri, usiende mikono mitupu."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Genzo alikuwa na makovu kumi na saba kwenye paji la uso peke yake, na watu walipenda kuyagusa na kupiga naye picha. Hili la Ninohe hakuna aliyewahi kuligusa. Shizue mwenyewe hakujua kama lipo.

Alinunua keki za maharagwe matamu zilizofungwa kwa karatasi nzuri, akavaa suti, akaenda. Bi Chida Kinu alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo ulioinama kwa kazi ya kugeuza vyuma vya kuchomea biskuti. Alimtambua mara moja, kwa kuwa mtu wa kimo kile hafichiki katika kijiji cha wakulima wa tufaha.

"Karibu, Bwana Oikawa. Vua viatu. Inama hapo mlangoni, kila mgeni mrefu ananivunjia taa."

Genzo aliinama. Alimpa keki kwa mikono miwili, naye akaziweka mbele ya madhabahu ndogo ya familia, karibu na picha ya kijana wa miaka kumi na minane aliyevaa kaptura ya mazoezi. Kijana alikuwa akitabasamu kwa namna ya mtu aliyeambiwa asitabasamu. Genzo aliwasha ubani, akafumba macho, na alipofumbua Kinu alikuwa akipanga upya bakuli la wali mbele ya picha.

"Mitsuru, una mgeni kutoka kazini," alimwambia mwanawe. "Unaona? Mwenzio amefika umri huu kwa sababu anatazama anapokanyaga." Kisha akamgeukia Genzo. "Namgombeza kila asubuhi. Miaka ishirini na mitano namgombeza. Kampuni yenu iliniandikia kwamba aliteleza ngazini akiwa amebeba nguo za wakubwa zilizofuliwa. Mtoto huyu tangu mdogo miguu yake ilikuwa mizito, alikuwa akijikwaa hata kwenye mkeka. Nikasema, ndiyo, ni yeye huyo. Lakini hasira haijaniisha. Mtu anakwenda kuwa bingwa halafu anashindwa na ngazi?"

Kinu alichukua birika la chuma lililokuwa kando ya madhabahu, birika zito la kazi ya Morioka, akaliweka kati yao. Kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni.

"Hukuja kula wali wa marehemu," alisema. "Nadhani umefuata hii. Iliingia vuli ya mwaka juzi, saa mbili kasorobo usiku, nikiwa nachemsha maji. Ilipita dirishani ikatumbukia humu. Sijachemsha maji humu tena. Weka mkono."

Genzo aliweka kiganja juu ya birika. Ndani yake kengele ilikuwa ikitetema taratibu. Aliijua. Alikuwa ameisikia ikianza na kumaliza mapambano yake elfu nne.

"Jirani aliniambia ni kengele ya wanamieleka," Kinu aliendelea. "Nikafikiri ni ya Mitsuru, wamemkumbuka. Halafu nikasikia kuna mtu Tono alipigiwa tisa. Basi nikuulize, na utakachosema nitakikubali, mimi si mtu wa kung'ang'ania kitu cha watu. Kengele hii ni yako au ni ya mwanangu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilikuwa jepesi. Genzo angesema ni yangu, na isingekuwa uongo. Kinu angefungua kitambaa, kengele ingelia, na kesho jioni godoro lingebaki limekunjwa. Angetembea mpaka uzeeni. Alimwona Shizue akicheka na Kamata, meza ya pili ikiwa mahali pake. Alitaka sana kusema hivyo. Ulimi ulikwisha gusa meno.

"Ni ya Mitsuru," alisema.

Kinu alimtazama. "Lakini nilisikia kengele hizi si za kila mtu. Nilipouliza wakati wa mazishi, waliniambia anapigiwa aliyeingia ulingoni tu. Mitsuru alikuwa mpishi na dobi wenu, jina lake halikutajwa hata siku moja."

"Aliingia ulingoni, mama. Siku ile."

"Siku ile aliteleza ngazini."

"Hapana."

Kinu alikunja mikono juu ya magoti. Genzo akasema yote, macho yake yakiwa kwenye birika. Alisema kwamba ilikuwa zamu ya Mitsuru kupika mchuzi wa mchana, akazidisha chumvi, na siku hiyo mwenye kampuni alikuwa amekuja kula. Banno, mkubwa wao wote katika bweni la wanamieleka, aliona ameaibishwa. Alimwingiza Mitsuru katika ulingo wa mazoezi, akamwita Genzo, akamwambia, mbwage huyu mpaka niseme basi. Ilikuwa kawaida. Genzo mwenyewe alikwisha bwagwa hivyo mara nyingi alipokuwa mgeni, na kila anayebwagwa alitakiwa ainuke, ainame, aombe tena.

"Akaomba?"

"Kila mara. Alisema, tena moja, tafadhali."

"Nilimfundisha adabu," alisema Kinu.

"Tulipofika ya tisa simu ililia ofisini. Banno akaenda kuipokea. Hakurudi. Baadaye tulijua alikuwa akizungumza na mtu wa tiketi, akacheka naye, akasahau. Nikaendelea."

"Hukuweza kusema basi wewe mwenyewe?"

"Haikuwa yangu kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mama. Mkubwa akishaanza jambo, mdogo halimalizi. Nilikuwa natazama mlango. Yeye naye alikuwa anatazama mlango. Tulimsubiri pamoja."

Nje trekta ilipita na matufaha.

"Ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja. Ya thelathini na moja hakuomba."

Alilia hapo, Genzo. Alilia vibaya, kwa sauti, na mabega yake makubwa yakagonga rafu ya biskuti. Kinu hakulia. Alifungua kitambaa, akaligeuza birika likaelekea picha, akaondoa kifuniko. Kengele ikalia mara moja, ndefu, ikaamsha vumbi kwenye miti ya dari na kutetemesha karatasi za dirisha, kisha ikaisha kama kengele yoyote inavyoisha. Kinu akaweka viganja sakafuni, akainama mbele ya mwanawe mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nisamehe, Mitsuru. Nimekugombeza miaka yote hii kwa ngazi ambazo hukuzipanda."

Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alimfungia Genzo pakiti mbili za biskuti za ufuta, kwa kuwa mgeni wa mbali haondoki hivi hivi, na akamwambia treni ya saa tisa haisubiri. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Genzo alipofika mlangoni aliisahau taa, akaigonga.

Usiku huo huo alimweleza Shizue. Shizue alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa. Siku tatu hakumpaka dawa. Siku ya nne alimpaka, bila kuuliza kitu, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama zamani.

Genzo aliiandikia kampuni barua ya kurasa sita, na Mzee Hirasawa akatia sahihi yake chini. Jibu lilikuja mwezi uliofuata. Kampuni ilimshukuru kwa mchango wake katika mieleka, ikamjulisha kwamba cheti cha daktari kinataja ngazi, kwamba jambo hilo limekwisha kisheria, na kwamba Bwana Banno, sasa mwenyekiti wa heshima, anamtakia afya njema. Ndani ya bahasha walitia kalenda. Banno alikuwa mwezi wa Januari, amevaa koti la dhahabu, anacheka.

Genzo alinakili barua ile kwa mkono wake akampelekea Kinu. Kalenda aliichukua Shizue kuwashia makaa.

Tangu siku ile ya Ninohe kamba za zambarau hazikuanguka tena. Dari ilikaa kimya, na ikambidi Shizue anunue uzi wa kufungia vitunguu. Kilichobaki ni kubwagwa, kwa kuwa kengele zake yeye zilikuwa bado tisa. Kila jioni, saa ile ile, meza ya pili ilisogezwa, Kamata akaenda kando ya jokofu, na Genzo akabwagwa thelathini na moja, akiomba tena mara thelathini. Baridi ilipokwisha alianza kutembea na mkongojo mchana kutwa. Saa kumi na mbili na nusu aliuegemeza ukutani, akaenda godoroni kwa miguu yake.

Mwezi wa tano Kinu alikuja. Alivaa kimono cha safari, akaketi meza ya tatu, akaagiza nyama na wali nusu bakuli. Shizue alimtambua bila kuambiwa, akamchagulia vipande laini, akamchomea yeye mwenyewe. Walizungumza habari za theluji ya mwaka huo na bei ya ufuta. Saa ilipofika Kinu aliweka vijiti chini, akajigeuza na mto wake wa kukalia akaelekea godoro, mikono juu ya magoti, kama watu wanavyoketi kwenye viti vya mbele.

Genzo alimwona. Alivua aproni, akaikunja, akamwinamia.

Akabwagwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya kumi Kamata aliweka bia yake juu ya jokofu. Mara ya ishirini Shizue aliacha kuhesabu, akaenda kupiga magoti kando ya Kinu.

"Mama," alisema polepole. "Hakuna mwingine mwenye haki hiyo isipokuwa wewe. Nakuomba. Mwambie basi."

Kinu alimtazama Shizue kwa huruma, akamshika mkono. Alikuwa na kiganja kigumu cha watu wa vyuma vya moto.

"Natamani, mwanangu," alisema. "Lakini si yangu kusema. Bwana Banno amekwenda kupokea simu. Tumsubiri."

Genzo aliinuka, akainama. "Tena moja, tafadhali," alisema, na macho yake yakaenda mlangoni. Kinu naye akatazama mlangoni, Shizue akatazama, na Kamata na wateja wengine wote wakageuza shingo upande ule. Pazia la mlango lilicheza kidogo kwa upepo wa barabarani. Hakuingia mtu. Walikaa hivyo mpaka thelathini na moja ikatimia, kisha Kinu akamaliza wali wake, akashukuru kwa chakula, akauliza treni ya mwisho ya kwenda Hanamaki, anakobadilisha treni ya Ninohe, inapita saa ngapi.

Sasa huja kila mwezi, tarehe ile ile. Shizue humwekea meza ya tatu.